Penisilini na Pete Yake ya Pembe Nne

Mwishoni mwa Desemba 1940, ndege za Ujerumani zikiendelea kuimwagia London mabomu, jarida la sayansi la Nature lilichapisha barua fupi ya watafiti wawili wa Oxford, Edward Abraham na Ernst Chain. Walikuwa wamewasaga bakteria wa koli, wale wanaoishi utumboni mwa kila mtu, wakayachanganya majimaji yaliyotoka na dawa mpya waliyokuwa wakiihangaikia. Dawa ikapoteza nguvu. Ndani ya majimaji yale mlikuwa na kimeng'enya kinachoivunja, nao wakakiita penisilinesi.

Tarehe hiyo si ya kupitwa hivihivi. Siku barua ile inatoka, karibu hakuna binadamu aliyekuwa amedungwa sindano ya penisilini. Hapakuwa na kiwanda, hapakuwa na daktari wa kuiandika kwenye cheti, wala mgonjwa wa kukatisha dozi. Leo usugu wa dawa unapotajwa redioni, lawama huwaangukia wagonjwa wasiomaliza vidonge na wauzaji wanaovitoa bila cheti. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini inaanza kusimulia kisa katikati.

Kisa chenyewe, kama kinavyofundishwa shuleni, huanzia hospitali ya St Mary's, London, Septemba 1928. Alexander Fleming, mtaalamu wa bakteria mzaliwa wa Scotland, alirudi kazini kutoka likizo akakuta visahani vyake vya maabara vimerundikwa kama alivyoviacha. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu, na kuuzunguka ukungu huo bakteria wa stafilokoki walikuwa wameyeyuka. Ni kweli tupu. Kinachosahauliwa ni kilichofuata, yaani karibu hakuna kitu. Fleming aliyapa majimaji ya ukungu jina la penisilini na kuchapisha makala yake mwaka 1929, lakini dawa ilikuwa ikimfia mikononi kabla hajaitenga na uchafu wake. Akaishia kuitumia maabarani kufyeka bakteria asiowataka ili aoteshe wale aliowataka. Mwaka 1930, katika mji wa Sheffield, daktari Cecil Paine aliyapaka majimaji hayohayo kwenye macho ya watoto wachanga walioambukizwa kisonono na mama zao wakati wa kuzaliwa. Macho yakapona. Paine hakuchapisha chochote, akahamia kazi nyingine.

Miaka 10 ilipita hivyo.

Waliouzindua utafiti huo walikuwa kundi la ajabu kidogo, lililokusanyika katika idara ya patholojia ya Chuo Kikuu cha Oxford. Mkuu wao, Howard Florey, alitoka Adelaide, Australia. Chain alikuwa Myahudi wa Berlin aliyekimbia Ujerumani Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933. Wa tatu, Norman Heatley, alikuwa Mwingereza mpole mwenye kipaji cha kuunda vifaa kutokana na takataka. Wanahistoria wengi wa tiba wanakubaliana leo kwamba bila Heatley kusingekuwa na dawa, na mwandishi wa makala haya hana sababu ya kuwapinga.

Tatizo lilikuwa la kikemia. Penisilini ni asidi dhaifu isiyovumilia. Ukiiweka kwenye asidi kali inavunjika, ukiiweka kwenye alkali inavunjika, ukiipasha moto inavunjika. Ikiwa kwenye maji yenye asidi huhamia kwa urahisi kwenye etha, na hapo uchafu mwingi hubaki nyuma kwenye maji. Lakini ikishaingia kwenye etha, utaitoaje bila kuiua? Heatley alipendekeza jambo lililoonekana la kitoto: ikorogwe etha hiyo na maji mapya yasiyo na asidi, nayo penisilini itarudi majini yenyewe. Ikarudi. Akaunda mtambo wa mirija, chupa na vali wa kufanya safari hiyo ya kwenda na kurudi katika baridi, haraka, kabla dawa haijaharibika. Kilichobaki kikakaushwa kwa kugandishwa, na Oxford ikapata unga wa kahawia ambao, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, sehemu yake kubwa mno haikuwa penisilini hata kidogo.

Jumamosi ya tarehe 25 Mei 1940 Florey aliwadunga panya 8 bakteria wa streptokoki kwa kiasi cha kuwaua. Wanne wakapewa dawa. Heatley alikesha nao, na kabla hakujapambazuka wanne wasiotibiwa walikuwa wamekufa wote, huku waliotibiwa wakiwa hai. Wakati huohuo majeshi ya Uingereza yalikuwa yakirudishwa nyuma kuelekea Dunkirk. Wakihofia kuvamiwa, watafiti walipaka mbegu za ukungu kwenye bitana za makoti yao, ili hata mmoja wao akifanikiwa kutoroka, kazi isipotee.

Panya ni mdogo. Mtu anahitaji dawa maelfu ya mara zaidi, na ukungu ule ulipenda kuota juu tu ya uso wa mchuzi wake, kwa kina cha vidole viwili hivi. Idara ikajaa vyombo: mabakuli, madumu ya maziwa, hata vyombo vya kujisaidia vya wagonjwa wa kitandani, ambavyo umbo lao bapa lilifaa kuliko mengine yote. Heatley akachora chombo cha mfinyanzi kinachofanana navyo, akapeleka mchoro kwa wafinyanzi wa eneo la Stoke-on-Trent, na mamia yakatengenezwa. Wasichana 6 waliajiriwa kuvihudumia.

Mavuno ya kazi hiyo yote yalimfikia Albert Alexander, askari polisi wa Oxford, Februari 12, 1941. Maambukizi yalikuwa yamemla uso na kichwa, na jicho moja limekwisha kutolewa. Baada ya siku moja ya sindano joto likashuka, akaanza kula. Kwa kuwa figo huitoa penisilini mwilini haraka sana, mkojo wake ulikusanywa na kupelekwa maabara kwa baiskeli ili dawa ichujwe upya na kurudishwa mwilini. Siku ya tano dawa ikaisha. Ugonjwa ukarudi, na Machi 15 akafariki. Wagonjwa waliofuata wengi walikuwa watoto, kwa sababu mtoto hutumia dawa kidogo.

Julai 1941 Florey na Heatley walivuka Atlantiki kutafuta wenye matangi makubwa. Walifikishwa Peoria, jimbo la Illinois, kwenye maabara ya serikali iliyokuwa ikitafuta matumizi ya mabaki ya mahindi. Huko mtafiti Andrew Moyer aliongeza kwenye chakula cha ukungu maji mazito yanayobaki mahindi yanapolowekwa kutengenezwa wanga, na mavuno yakapanda mara nyingi. Ukungu bora zaidi ulipatikana mwaka 1943 kwenye tikiti lililooza la sokoni hapohapo Peoria. Ulipopigwa eksirei na baadaye mwanga wa urujuanimno, ulizaa vizazi vyenye kutoa dawa zaidi na zaidi. Kampuni ya Pfizer, iliyobobea katika kuchachusha asidi ya limau, ilinunua kiwanda cha zamani cha barafu huko Brooklyn, na Machi 1944 ikawasha matangi marefu ambamo ukungu uliota ndani ya mchuzi wenyewe, ukipulizwa hewa kutoka chini. Marekani ilizalisha yuniti bilioni 21 mwaka 1943, bilioni 1,663 mwaka 1944, na zaidi ya trilioni 6.8 mwaka 1945. Dozi iliyouzwa dola 20 mwaka 1943 ilishuka hadi senti 55 mwaka 1946.

Ajabu ni kwamba dunia ilikuwa ikizalisha dawa hii kwa matani bila kukubaliana ina umbo gani.

Abraham na Chain walidai kwamba kiini chake ni pete ya atomi nne, tatu za kaboni na moja ya nitrojeni, iliyoshikana ubavuni na pete nyingine ya atomi tano yenye salfa. Wakemia wakubwa walicheka. Atomi hizo hazipendi kukunjwa kwenye pembe kali kiasi hicho. Pete ya namna hiyo, ambayo wakemia huiita beta-laktamu, haikuwahi kuonekana katika kitu chochote cha asili. Robert Robinson, mkuu wa kemia wa Oxford, alisimamia umbo tofauti, na inasimuliwa kwamba John Cornforth, kijana wa upande wake, aliapa kuacha kemia na kulima uyoga ikiwa pete hiyo ingethibitika. Mwaka 1945 Dorothy Hodgkin, aliyekuwa akipiga eksirei fuwele za penisilini akisaidiwa na Barbara Low, aliithibitisha. Pete ilikuwepo, imepindwa na kubanwa vilevile kama Chain alivyosema. Cornforth hakulima uyoga. Alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1975, miaka 11 baada ya Hodgkin kupata yake.

Pete hiyo iliyobanwa ndiyo siri yote ya dawa, na ndiyo udhaifu wake wote.

Bakteria, tofauti na seli ya mtu, anaishi ndani ya ukuta. Ukuta huo umefumwa kama wavu wa kuvulia: nyuzi ndefu za sukari zimefungwa pamoja kwa vifundo vifupi vya asidi amino. Ndani ya bakteria kuna msukumo mkubwa wa maji, na wavu ndio unaomzuia asipasuke. Kila anapokua, vimeng'enya vyake hukata vifundo vya zamani na kufunga vipya. Mwaka 1965 Donald Tipper na Jack Strominger walieleza jinsi penisilini inavyoingilia kazi hiyo. Umbo lake linafanana na ncha ya kifundo ambacho hakijafungwa. Kimeng'enya cha kufunga kinaikamata kikidhani ni kazi ya kawaida, pete iliyobanwa inafyatuka na kufunguka, na dawa inanata kwenye kimeng'enya moja kwa moja. Ukataji unaendelea, ufungaji umesimama. Maji yanaingia, bakteria anapasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa aina hiyo, na ndiyo maana mgonjwa asiye na mzio anaweza kupewa kiasi kikubwa cha dawa hii bila kudhurika.

Sasa penisilinesi ya barua ile ya 1940. Kimeng'enya hiki ni ndugu wa vile vya kufunga ukuta. Nacho huikamata penisilini, nacho huifyatua pete. Tofauti ni hatua ya mwisho: hutumia molekuli ya maji kujinasua, kikaitupa dawa iliyovunjika na kudaka nyingine. Kimoja kinaweza kuharibu molekuli nyingi sana kwa sekunde moja. Wala hakikuzaliwa hospitalini. Mwaka 2011 watafiti walioipima ardhi iliyoganda ya Yukon, Kanada, yenye umri wa miaka 30,000, walikuta ndani yake jeni za usugu dhidi ya jamii ya penisilini. Kuvu na bakteria wa udongoni wamekuwa wakipigana kwa silaha hizi tangu zamani ambazo mtu hana kumbukumbu nazo. Oxford iliokota upanga kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo ngao zake zilikuwa zimekwisha kuvumbuliwa.

Kilichofanywa na binadamu ni kuwapa wenye ngao nafasi ya kuzaana. Uingereza ilipitisha sheria ya kuidhibiti penisilini mwaka 1947, lakini kwingineko iliuzwa kiholela kwenye marhamu, peremende za koo, hata dawa ya meno. Fleming mwenyewe, akitoa mhadhara wake wa Nobel Stockholm mwezi Desemba 1945, alionya juu ya mtu anayejitibu koo kwa dozi ndogo, akawafundisha streptokoki kuizoea dawa, kisha akamwambukiza mkewe. Mfano ulikuwa mzuri, ingawa, kama tutakavyoona, alichagua bakteria asiye sahihi.

Aliyeleta hesabu alikuwa Mary Barber, mtaalamu wa bakteria katika hospitali ya Hammersmith, London. Alipima stafilokoki waliotoka kwa wagonjwa wa hospitali hiyo. Mwaka 1946 asilimia 14 walikuwa sugu. Mwaka 1947, asilimia 38. Mwaka 1948, asilimia 59. Barber alionyesha pia kwamba hawakuwa bakteria wa zamani waliofunzwa usugu kidogokidogo. Walikuwa aina zilizokuwa na penisilinesi tangu awali, ambazo sasa wapinzani wao walikuwa wamefyekwa. Hospitali zenyewe, kwa wingi wa dawa zilizotumia, ziligeuka vitalu vya usugu.

Kisonono kilikwenda njia nyingine, ya polepole. Wakati wa vita, yuniti 150,000 hivi zilitosha kumponya mwanajeshi, na makamanda walipenda tiba hiyo kwa kuwa ilimrudisha mtu mstari wa mbele baada ya siku chache. Mwaka hadi mwaka dozi ikabidi iongezwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilikuwa ikipendekeza yuniti milioni 4.8, pamoja na kidonge cha kuzuia figo zisiitoe dawa haraka. Ndipo mwaka 1976 madaktari wa Uingereza na Marekani, karibu kwa wakati mmoja, wakakuta bakteria wa kisonono walioazima jeni ya penisilinesi kutoka kwa bakteria wengine. Wa Uingereza walihusishwa na Afrika Magharibi, wa Marekani na Asia ya Kusini-Mashariki. Hapo kuongeza dozi kukawa kazi bure.

Wakemia walijibu kwa kuchezea kile kinachoning'inia kwenye pete. Mwaka 1957, katika maabara za kampuni ya Beecham huko Surrey, kilitengwa kiini kitupu cha penisilini, pete mbili bila mkia wake, na kuanzia hapo mkia wowote ungeweza kubandikwa kiwandani. Mkia mnene ulizaa methisilini, ambayo penisilinesi ilishindwa kuikumbatia. Mkia mwingine ulizaa ampisilini mwaka 1961, iliyoweza kupenya kwa bakteria ambao penisilini ya kwanza haikuwafikia. Mdogo wake, amoksilini, alifuata mwaka 1972 na ndiye anayejulikana leo katika kila duka la dawa kuanzia Lamu hadi Kigoma.

Methisilini haikufurahiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1961 Patricia Jevons, aliyekuwa akihifadhi na kupima stafilokoki wa hospitali za Uingereza katika maabara ya Colindale, aliripoti aina 3, kati ya zaidi ya 5,000, ambazo dawa mpya haikuziweza. Hizi hazikuivunja pete. Zilikuwa zimepata kimeng'enya kingine cha kufunga ukuta, ambacho penisilini yoyote hukipita bila kunata. Vinasaba vya bakteria hao waliokaushwa na kutunzwa vilisomwa na kuchapishwa mwaka 2017, vikaonyesha kwamba usugu wao ulianza katikati ya miaka ya 1940, yaani zaidi ya miaka 10 kabla methisilini haijatengenezwa. Ulichochewa na penisilini ya kawaida. Mbinu ya hila zaidi ilikuja baadaye, asidi ya klavulani, ambayo nayo ina pete ya pembe nne: penisilinesi ikiidaka inanasa, na amoksilini iliyo kando yake inapita salama. Mchanganyiko huo uliingia sokoni mwaka 1981. Kufikia 1983 Ujerumani ilikuwa imeripoti vimeng'enya vipya vilivyovunja hata dawa zilizo binamu za penisilini.

Afrika Mashariki iliipokea penisilini zaidi kwa njia ya sindano. PPF na X-pen ni majina ambayo wauguzi wa Tanzania na Kenya wanayatamka bila kufikiri, la kwanza likiwa mchanganyiko wa penisilini inayotoka polepole kwenye msuli na ile ya haraka, la pili likiwa ile ya haraka peke yake. Imani katika sindano ilitangulia dawa hii. Buba, ugonjwa wa ngozi, ilikuwa ikitibiwa kwa sindano za bismuthi na arseniki tangu miaka ya 1920. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46 za kuwachoma wagonjwa wa buba na jamaa zao sindano moja ya penisilini ya kukaa mwilini muda mrefu. Watu milioni 50 walitibiwa, na idadi ya wagonjwa ikashuka kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa asilimia 95.

Vidonge vina historia tofauti. Kwa miaka mingi Tanzania ilitegemea maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria hayakuruhusiwa kuuza viuavijasumu lakini yaliviuza, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yaliyokuwa karibu. Mwaka 2003, kuanzia mkoa wa Ruvuma, serikali ilianza kuyageuza kuwa maduka ya dawa muhimu, wauzaji wakifundishwa na kuruhusiwa kuuza amoksilini na dawa nyingine chache kwa utaratibu. Ulikuwa uamuzi wa watu wanaojua kwamba mtoto mwenye nimonia kijijini hufa kwa kukosa dawa mapema kuliko kwa usugu. Hofu ya usugu, ambao wizara ya afya sasa huuita UVIDA, haikuiondoa hesabu hiyo, na makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 kwamba watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu hayakuiondoa pia.

Na streptokoki wa koo, yule wa mfano wa Fleming? Amekutana na penisilini kwa zaidi ya miaka 80, mabilioni ya mara, na bado hajaipatia ngao. Bakteria wa kaswende na wa buba nao vivyo hivyo. Hakuna maelezo yanayowaridhisha wataalamu wote, ila jambo lenyewe linaokoa moyo wa mtoto: streptokoki wa koo ndiye anayeanzisha homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, ugonjwa ambao bado ni wa kawaida Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 uliwahusisha watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huo. Nusu walichomwa kila mwezi penisilini ya benzathini, dawa iliyovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya miaka 2 hali ilikuwa imezidi kuharibika kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Sindano hiyo haina hataza, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba viwanda vinavyotengeneza malighafi yake duniani vimebaki vichache sana. Tangu katikati ya miaka ya 2010 nchi nyingi, tajiri kwa maskini, zimekuwa zikiripoti kuikosa kwa vipindi, na kliniki za moyo hulazimika kuwapa watoto wale vidonge vya kila siku badala ya sindano ya mwezi mmoja.